Kirusi Changu Kwenye Posa

Kirusi changu nimekaa nacho Maskati zaidi ya miaka arobaini bila ya mtu wa kusema naye. Nilikipata ujanani, nilipotoka Unguja kwenda Urusi kusomea ufamasia. Nilipomaliza, watu wangu walikuwa wameshahamia Oman, nami nikawafuata huku huku. Hospitalini walitaka Kiarabu na Kiingereza. Kiarabu changu chenyewe kilikuwa cha Unguja, cha kuswalia na kufukuzia paka, nikalazimika kukinyoosha upya huku wenzangu wa dirisha la dawa wakinicheka. Kirusi hakikuwa na mteja. Nilikisema peke yangu jikoni, hasa nikiungua.

Lakini sikukisahau, kwa sababu sikujifunza darasani peke yake. Bwenini nililala chumba kimoja na Mbulgaria, Mcheki na Mpolandi, na jioni tukipika kila mmoja aliita vitu kwa kwao. Maji yalikuwa voda kwa wote. Chumvi ilikuwa sol, na hata walipoigeuza kidogo niliitambua. Mimi Mswahili sikushangaa sana. Kwetu mtu ni mtu, kwa Mganda ni omuntu, kwa Mzulu ni umuntu, na hakuna anayesema mmoja kamwibia mwenziwe. Nilichokipenda ni kuiona njia yaliyopitia maneno. Kichwa, Mrusi anakiita golova, Mbulgaria glava. Dhahabu, Mrusi anaiita zoloto, Mbulgaria na Mcheki zlato. Mrusi hapendi konsonanti mbili zigusane, anatia irabu katikati kama mama anayeweka mto baina ya watoto wanaogombana kitandani. Nikajiwekea kanuni: ukikutana na Mslavi wa taifa jengine, toa ule mto, mtasikilizana.

Mwalimu wetu wa lugha, mama wa makamo aliyevaa sweta moja baridi yote, alikuwa na ugonjwa huo huo. Ukimuuliza maana ya neno anakupeleka mpaka lilikozaliwa. Ndiye aliyetwambia kwamba nevesta, bibi-arusi, neno ambalo karibu Waslavi wote wanalo, wasomi wengi hulifasiri kuwa ni "asiyejulikana", yaani msichana anayeingia nyumba ya watu wasiomjua. Wenzangu waliandika. Mimi nilikaa nikaona huruma, na sijui kwa nini, maana wakati ule hata mchumba sikuwa naye.

Sasa nije kwa binti yangu. Ndiye mtoto wangu wa mwisho, tunaishi naye wawili Khuwair ya Kusini tangu baba yake alipofariki. Miaka ya nyuma alivunjiwa uchumba, kadi zimeshachapwa na nguo imeshashonwa. Watu wenyewe hawakuja hata kutwambia uso kwa uso, walituma ujumbe wa simu. Hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Khalas, mama, mie na posa basi," na tangu siku hiyo akawa hahudhurii harusi ila ya mtu wa damu. Nilijifanya sioni. Kila nilipokuwa nasujudu niliomba jambo moja, na nilianza kuhisi kwamba nachosha.

Ndipo akanijia siku moja, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akaniambia kuna kijana kazini kwake, mhandisi, Muislamu, Mbosnia. Alitarajia nitashtuka. Nilishtuka kweli, lakini si kwa alichokidhani. "Mbosnia!" nikasema. "Mbosnia ni Mslavi!" "Mama," akasema, "nnakwambia habari ya kuolewa." Nikamwambia nimesikia, na kwamba mama wa kijana akija niachieni mimi.

Mama wa kijana akaja kweli, kutoka mji mdogo milimani huko kwao, akafikia kwa mwanawe Wattaya, ghorofa ya juu ya maduka ya magari. Alikuwa akae mpaka mwisho wa mwezi. Hakujua Kiarabu cha kuzungumza wala Kiingereza. Binti yangu akataka kijana akae nasi siku ya posa, awe mkalimani. Hapo akaingia dada yangu mkubwa, anayeishi Amerat, na ambaye hapendi jambo lolote la ukoo litokee yeye yupo upande wa pili wa milima.

"Mposaji hakai kwenye posa yake," akasema. "Ataka ajisifu mwenyewe? Siku ya mwanzo ni ya wanawake. Wanaume watakuja waonane na baba mdogo wa huyu binti, kila jambo na siku yake."

"Na nani atafasiri, mama mkubwa?" binti akauliza.

"Mama yako si anajua Kirusi?"

"Kirusi na Kibosnia si kitu kimoja."

"Kwani Kiunguja na Kimvita ni kitu kimoja?" nikaingilia. "Watu hawaoani?"

Nilikuwa na hamu, ndio ukweli. Nilimuona binti yangu hajaridhika na sikumsikiliza. Jambo pekee aliloshinda ni la kahawa. Dada alitaka mwari akae chumbani kama desturi, kahawa iletwe na mtu mwengine, lakini binti alikataa. Kijana alimwambia kwamba kwao msichana anayeposwa huwapa wageni kahawa kwa mkono wake mwenyewe, na akitaka kumfurahisha mama yake afanye hivyo. Dada akaguna, mwishowe akasema haya, angalau avae vizuri.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya Alasiri. Kijana alimleta mama yake mpaka mlangoni, akatuamkia kwa adabu, akarudi kwao Wattaya kungoja simu. Mama mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mashavu mekundu, kitambaa cha maua kichwani, na mikono ya mtu aliyelima. Akatoa salamu, "Selam alejkum," na dada akaitika kwa sauti ya juu kama aliyeondolewa mzigo. Tukamkalisha. Tukabaki watatu tunatabasamiana.

Nikaishika gilasi ya maji. "Voda," nikasema.

"Voda!" akasema.

Basi hapo ilikuwa kama kufungua mfereji. Nikamwonyesha chumvi, mkono, jicho, ndugu yangu. Sestra, nikasema, na yeye akasema sestra. Nikamwonyesha kichwa changu na kanuni yangu nikaitoa kabatini: nikatoa mto, nikasema glava, na ikawa glava. Maziwa, moloko ya Mrusi, kwake ilikuwa mlijeko. Akanielewa, nikamwelewa, akanishika goti. Nilijisikia msichana wa miaka ishirini. Nilikuwa nimedhani lugha ile imekufa kwangu, kumbe ilikuwa imekaa tu inangoja kugongewa.

Dada naye hakutaka kuachwa nyuma. Mgeni alipomtaja mumewe alitanguliza neno rahmetli, na dada akaruka. "Marehemu! Kasema marehemu!" Zilipotolewa finjani tupu za kahawa kuwekwa mezani mgeni akaziita fildžan, na dada akapiga makofi. Akamsemesha saburi, akajibiwa sabur. Akamsemesha sanduku, akajibiwa sanduk. "Huyu si Mzungu," dada akaniambia. "Huyu ni mtu wa kwetu, kapauka tu."

Ajali ndogo ilikuwa moja. Mgeni alitoa simu akatuonyesha picha ya mwanawe na kofia ya mahafali, akasema, "Moj ponos." Nikaganda. Kwa Kirusi ponos ni kuharisha, neno nililolitumia mwaka mzima wa mafunzo yangu ya hospitali. Kidogo niinuke nikamtafutie chumvi za kunywa. Bahati nzuri akanyanyua kidevu na kujigonga kifua, nikafahamu kwamba kwao neno hilo ni fahari. Asili ni ile ile, kubeba. Mmoja amebeba kifua mbele, mwengine tumbo limebeba likapeleka nje. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, na sikumwambia kwa nini. Nilijiambia kwamba kama hilo ndilo shimo kubwa njiani, basi nimelivuka.

Ndipo binti yangu akaingia na kahawa. Alikuwa amevaa nguo ya kijani aliyoishonesha kwa siku ile, dele la kahawa mkono wa kushoto, akaichukua finjani mezani kwa mkono wa kulia, kama inavyotakiwa. Kahawa ilikuwa yetu ya kila siku, ya hiliki, chungu kama wote tunavyoijua, na halwa na tende pembeni. Mgeni alimtazama machozi yakamlengalenga. "Nevjesta," akanong'ona. Akaipokea finjani kwa mikono miwili, akasoma bismillahi, akaonja.

Akatoa macho. Akamtazama binti yangu, kisha akaitazama finjani, kama mtu aliyepewa dawa ya mtu mwengine.

Mimi nilicheka moyoni. Wageni wote hukunja uso kwa kahawa yetu mara ya kwanza. Na pale pale zikanijia harusi za wanafunzi kule Urusi. Wageni wa harusi ya Kirusi hunyanyua gilasi wakapiga kelele, "Gorko! Gorko!" yaani chungu, chungu, wakilalamika kwamba kinywaji hakinyweki, mpaka bwana na bibi-arusi wabusiane wakitie utamu. Hakuna kelele ya furaha kuliko hiyo. Niliona hapa ndipo pake. Nikapiga makofi, nikasema kwa sauti yote niliyojaaliwa, "Gorko! Gorko!"

Mgeni akanigeukia. "Gorka?" akauliza polepole, kidole kwenye finjani.

"Gorka!" nikathibitisha. "Tak, tak!"

"Ona sama?" Yeye mwenyewe? Akamwonyesha binti yangu kwa macho.

"Sama, sama!" nikajibu kwa fahari. Kaitia mwenyewe, kwa mkono wake, hakuna aliyemsaidia.

Akainywa yote mpaka chini. Akaiweka finjani, akatia mkono kifuani, akasema, "Sudbina." Nikalijua neno, ni sudba ya Mrusi, majaaliwa. Nikaona anasema Mungu ndiye aliyetukutanisha, nikaitikia sudba, sudba, na kichwa nikatikisa. Halwa hakuigusa. Alipiga simu, akasimama, akambusu binti yangu kwenye paji la uso kwa muda mrefu, akatupa mkono sote, akateremka kumngojea mwanawe nje.

"Kaondoka kabla ya udi," dada akasema, chetezo kiko tayari mkononi mwake.

"Kachoka. Katoka mbali."

"Mgeni wa posa haondoki kabla ya udi."

Nikamwambia asianze. Akakaa, akala halwa ya mgeni na yake, kisha akaondoka kuwahi Maghribi kwake Amerat.

Simu ya kijana ilikuja kabla binti hajabadilisha nguo. Nilimsikia akisema kwa Kiingereza, "Nini? Kwa nini?" kisha akaikata simu. Akaja jikoni nilipokuwa naosha finjani.

"Mama yake anataka arejee kwao. Anamwambia ambadilishie tiketi wiki hii hii."

"Kaumwa?"

"Hataki kueleza. Anamwambia tu, 'Wametujibu, na wametujibu kwa adabu, tusiwasumbue.' Tumewajibu nini sisi?" Akanitazama. "Mama, ulimwambia nini?"

Nilianza kumwambia kwamba sikusema ila mema, nikaona haisaidii. Uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya ule ujumbe wa simu. "Yule wa kwanza alinijua miaka miwili ndio akanikataa," akasema. "Huyu mama hajui hata neno langu moja. Kanitazama mara moja tu." Akaenda chumbani kwake akafunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Niliogopa. Sisemi nilisikitika au nilihuzunika, niliogopa, kwa sababu nilijua hakuna mara ya tatu. Nikakaa jikoni nikapitia kila neno nililolisema mchana ule, kama nilivyokuwa napitia karatasi ya dawa kabla ya kumpa mgonjwa. Voda, sawa. Sestra, sawa. Ponos nililimeza, sikulitamka. Gorko nililigeuza huku na huku. Ni neno moja kwake na kwa Mrusi, limetoka kwenye kuungua, kitu kinachochoma ulimi, na huzuni imetoka humo humo, kama sisi tunavyosema uchungu kwa shubiri, kwa mzazi anayejifungua na kwa aliyefiwa. Lakini kahawa ilikuwa chungu kweli, na mimi nilisema ni chungu. Kosa liko wapi? Kila neno lilikuwa na asili moja na maana moja. Nikamkumbuka mwalimu wangu na ile "asiyejulikana" yake, nikamkasirikia, maskini, kama aliyemtabiria binti yangu.

Asubuhi binti hakwenda kazini. Nguo ya kijani ilikuwa imekunjwa na kurejeshwa kwenye mfuko wa dukani. Nilipouona ule mfuko nikachukua ufunguo wa gari langu. Sikumuaga. Aibu ya mama kwenda kubisha kwa watu waliokataa mtoto wake ninaijua, wazee wetu wangefufuka makaburini kunizuia. Lakini nimeuza dawa maisha yangu yote, na najua kwamba mgonjwa akizidiwa hungoji aje dirishani.

Wattaya nilipanda lifti mpaka juu, nikagonga. Akafungua mwenyewe. Kijana alikuwa kazini. Macho ya mama yalikuwa yamevimba, na juu ya kochi palikuwa na begi wazi, kitambaa chake cha maua kimekunjwa juu. Alishtuka kuniona, lakini hakunifungia mlango. Akanikalisha, akaenda jikoni. Mgeni ni mgeni.

Nilikuwa nimetunga hotuba ya Kirusi njiani, kosa langu ni lipi, niambie, nitaomba radhi. Kabla sijaianza alirejea na kahawa kwenye birika dogo la shaba lenye mpini mrefu, akanimiminia, akanisogezea bakuli la vidonge vyeupe vitamu akachukua kimoja anitilie. Nikakiziba kikombe kwa kiganja. Sijapata kunywa kahawa na kitu kama hicho tangu nizaliwe. Nikainywa kama ilivyo, yote, na kwa kuwa usiku sikulala ikaniingia vizuri, nikakisogeza kikombe nipate nyengine.

Alikuwa amesimama na birika mkononi, ananikodolea macho.

"Gorka," akasema, akikionyesha kikombe.

"Gorka," nikasema. "Khorosha." Chungu. Nzuri.

Akakaa. Akanielekea mwili mzima. Nikaona kwamba kuna jambo hapa, ingawa sikujua ni lipi, nikaanza kutafuta maneno ambayo yeye na Mrusi wanayagawana. "Kwetu," nikasema kwa Kirusi changu kilichochakaa, "harusi: gorka. Msiba: gorka." Harusi ni svadba kwa wote wawili, na kifo ni smert kwa Mrusi, smrt kwake, kutoa mto tu. Akanifuata kwa midomo. "Kila siku," nikaongeza. "Vsyaki den. Gorka."

"Svaki dan?" akauliza.

"Svaki dan! Mtoto, mzee, mgeni, jirani. Svaki dan, gorka!"

Birika likamtoka mkononi, akaliwahi kabla halijamwagika. Akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akanyanyua kidole cha kwanza. "Slatka," akasema, tamu, "da." Ndiyo. Akanyanyua cha pili. "Gorka, ne."

Nikafahamu papo hapo. Kwao msichana aliyeposwa hasemi kwa mdomo. Anasema kwa kahawa. Akimtaka kijana anaileta tamu, na asipomtaka anaileta chungu, na wageni wanaimaliza, wanashukuru, wanakwenda zao bila ya mtu kuaibika. Kijana aliondoka kwao mapema kwenda kusoma mjini, kahawa anainunua kwenye kikombe cha karatasi, akaijua nusu ya desturi na nusu hiyo ndiyo aliyompa binti yangu. Na mimi, mama mzazi, mwanamke akiwa ameikamata finjani ile, anauliza je, ni chungu kweli, je, yeye mwenyewe kataka, nilimpigia makofi. Nilimshangilia. Chungu, chungu!

Nikamweleza habari ya gorko la Warusi. Sikuwa na maneno ya kutosha, nikafumba ngumi zangu mbili nikazibusanisha, nikapiga kelele ya wageni wa harusi ndani ya chumba kile mpaka nikahisi majirani wamesikia. Alipofahamu alijipiga paja, akapiga tena, akacheka huku analia, nikalia naye. Tulishikana mabega kama walevi. Sijapata kuwa mwepesi vile tangu siku binti yangu huyu alipozaliwa, wakati mkunga aliponiambia yu mzima. Mgeni alikwenda kwenye kochi, akakitoa kitambaa chake begini, akajifunga.

Nikampigia binti yangu.

"Niko Wattaya," nikasema.

"Mama! Kwa nini unakwenda kuwaomba?"

"Sikuomba mtu. Sikiliza. Hakukukataa."

"Usinipe moyo, mama, tafadhali."

"Kahawa chungu kwao ndiyo jibu la hapana. Yeye alidhani weye ndiye uliyemkataa mwanawe. Na mimi nkampigia makofi."

"Kwa hiyo naye kalia?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo.

"Macho yamemvimba kama yako."

Simu ikakatika. Nilidhani mtandao, nikapiga tena, haikupokelewa. Mama wa kijana aliniuliza kwa nyusi, nami nikanyanyua mabega. Nikaenda dirishani. Chini magari mapya yalikuwa yamepangwa yanameremeta, na kila gari jeupe lililoingia nililidhani lake. Sikumwambia mwenyeji wangu ninachokiogopa, kwamba mtu aliyevunjwa mara moja anaweza kukataa kuunganishwa hata ukimletea gundi.

Nilimsikia kabla sijamuona. Hakungoja lifti. Viatu vilikuwa vinapiga ngazi, ghorofa moja baada ya nyengine, na mama yule akausikia mwendo ule akaukimbilia mlango. Binti yangu akaingia anahema, amevaa ile nguo ya kijani yenye mikunjo ya mfukoni, baibui bado haikufungwa mbele. Mama akamshika mashavu, akamwambia maneno mengi mfululizo kwa Kibosnia. Nusu niliyapata, nikakohoa nijitayarishe kuyafasiri.

"Ngoja, mama," binti akaniambia.

Akavua viatu. Akaliona lile birika la shaba mezani, akalichukua, akaenda nalo jikoni moja kwa moja, akawasha jiko. Kisha akageuka, akamuuliza mama wa kijana, si mimi, na kwa Kiswahili hicho hicho cha nyumbani kwetu: "Sukari iko wapi?"

Neno hilo Mwarabu analiita sukkar, Mrusi sakhar, Mbosnia šećer, na wote wamelipokea kutoka mbali, Bara Hindi. Nilitaka kulitafsiri. Lakini mama wa kijana alikuwa keshafika kabatini, na kopo liko mkononi.